Mwaka wa Nyumbani: Siku ya Mwaka, Kazi za Mikono na Usomaji katika Pwani ya Waswahili

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamezoea tangu zamani kuishi na miaka mitatu kwa pamoja. Upo mwaka wa mwezi mwandamo, wenye siku 354 au 355, ambao ndio wa ibada. Upo mwaka wa Kizungu, uliopata nguvu pamoja na serikali za kikoloni, ambao ndio wa ofisi, shule na mishahara. Na upo mwaka wa jua, wenye siku 365 kamili, unaoanza kwa sikukuu iitwayo Siku ya Mwaka au Nairuzi. Mwaka wa kwanza una msikiti wa kuulinda, na wa pili una serikali. Huu wa tatu haukuwa na mlinzi wa namna hiyo. Uliwekwa nyumbani, shambani na chomboni, na walioushika ni wazee, manahodha na, zaidi ya inavyodhaniwa, wanawake.

Wataalamu walioandika habari za mwaka huu aghalabu wameuliza swali moja: umetoka wapi? Swali hilo lina maana yake, lakini limefunika swali jingine lililo kubwa vile vile: umedumu vipi? Hesabu isiyoandikiwa sheria, isiyofundishwa shuleni wala kutangazwa na kadhi, imewezaje kufika mpaka siku hizi? Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo la pili kwa kutazama mambo ya nyumbani, yaani moto, maji, mikeka na usomaji, na kwa kupima ushahidi uliomo katika maneno yenyewe.

Hesabu ya miongo

Jina Nairuzi ni la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Mpango wa hesabu yake nao unafanana na ule wa Waajemi wa kale, ambao Waparsi wa Bara Hindi wameuhifadhi: miezi 12 ya siku 30, pamoja na siku 5 za nyongeza, bila ya siku ya ziada katika mwaka mrefu. Kwa hoja hiyo wako waliosema kuwa Siku ya Mwaka ni dalili ya wahamiaji kutoka Shirazi. Lakini neno husafiri kwa chombo kama bidhaa isafirivyo. Nahodha ni neno la Kiajemi, na bandari pia. Wala hakuna anayesema kwamba kila nahodha wa Lamu au Kilwa alikuwa Mwajemi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, akiwamo Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, walihesabu nyakati za kusafiri kuanzia Nairuzi, kwa kuwa pepo za kusi na kaskazi hufuata jua wala hazifuati mwezi. Yatosha kusema, basi, kwamba hesabu hii ilikuwa mali ya bahari nzima, na kwamba watu wa pwani waliichukua kwa sababu iliwafaa.

Namna walivyoichukua huonekana katika neno mwongo. Katika hesabu ya pwani, mwaka haukugawanywa kwa miezi bali kwa miongo, na kila mwongo ni siku 10. Miongo 36 hufanya siku 360, na zile 5 zilizobaki hukamilisha mwaka. Sasa neno mwongo si la Kiajemi wala la Kiarabu. Katika Kinyarwanda, mirongo itatu ni thelathini. Katika Kikikuyu nako mirongo ni makumi. Kiswahili kimedondosha sauti ya katikati, kama ilivyo kawaida yake katika maneno mengi ya Kibantu, na mirongo ikawa miongo. Kwa hiyo siku ya kuanzia ilipewa jina la kigeni, lakini kazi ya kuhesabu iliachiwa neno ambalo watu walikuwa nalo tangu zamani. Mgeni alipewa kiti, hakupewa nyumba.

Kwa kuwa mwaka huu hauna siku ya ziada, huenda ukirudi nyuma katika kalenda ya Kizungu kwa siku 1 kila miaka 4. Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichotolewa mwaka 1870, aliiweka Siku ya Mwaka karibu na tarehe 23 Agosti. Hivi leo watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Atakayezihesabu siku za nyongeza zilizopita kati ya mwaka 1870 na mwaka 2000 atazikuta 32, na siku 32 kabla ya tarehe 23 Agosti ni tarehe 22 Julai. Hesabu ya wazee na hesabu ya karatasi zinapatana.

Mapatano hayo yanafundisha jambo ambalo halijaangaliwa vya kutosha. Ikiwa mwaka unarudi nyuma siku 1 kila miaka 4, basi katika miaka 40 umerudi siku 10, ambazo ni mwongo mzima. Mwongo wa 20, kwa mfano, huanza siku ya 191. Mwaka ulioanza tarehe 23 Agosti 1870 ulifika mwongo wa 20 tarehe 1 Machi 1871, masika yakiwa karibu. Mwaka unaoanza tarehe 23 Julai huufikia mwongo huo huo tarehe 29 Januari, wakati ambapo kaskazi bado inavuma na jua ni kali. Mkulima ambaye angefuata agizo la babu yake neno kwa neno angepanda mapema kwa mwezi mzima. Basi maarifa ya miongo hayakuwa maneno ya kukariri tu. Yalihitaji kutazamwa upya katika kila kizazi: mtoto afundishwe hesabu na mzazi, kisha ailinganishe na mvua, upepo na mti unaochanua, na yeye naye afundishe ile iliyosahihishwa. Agizo moja lilidumu umri wa kazi wa mtu mmoja, halafu likasogezwa mwongo mmoja. Elimu ya namna hii haiwezi kukaa katika jiwe wala katika tangazo. Hukaa katika nyumba, ambamo wazee na vijana wanaishi pamoja.

Siku za juma zilisaidia katika kulinda hesabu. Siku 365 ni majuma 52 na siku 1. Kwa hiyo mwaka ulioanza Jumatatu hufuatwa na ulioanza Jumanne, na baada ya miaka 7 mambo hurudi yalipokuwa. Mtu asiyejua kusoma aliweza kujua kama hesabu imepotea, maana akikumbuka siku ya mwaka uliopita, siku ya mwaka huu haimpotei.

Moto, maji na mgeni

Steere ameeleza kwa ufupi yaliyofanywa Unguja katika siku hiyo. Watu walioga baharini, na wanawake hasa walishughulika na kuoga usiku. Mioto ilizimwa, ikawashwa upya kwa kupekecha vijiti viwili. Chakula cha nafaka na kunde zilizochanganywa kilipikwa na kuliwa na kila aliyefika. Ameongeza kwamba zamani aliyeua au kujeruhi siku hiyo hakuulizwa, na kwamba ugomvi wa zamani ulimalizwa siku hiyo hiyo.

Mambo haya yakitazamwa moja moja huonekana kama vipande vya dini mbalimbali. Yakitazamwa kwa pamoja, yote ni mambo ya nyumba. Moto unaozimwa ni wa mafigani. Majivu ya mwaka wa jana huondolewa kwanza, ndipo moto mpya ukawashwa. Chakula cha mchanganyiko ni chakula cha ghala linalofagiliwa: kila kilichobaki kidogo kidogo huingia katika chungu kimoja. Ugomvi nao ni takataka ya mwaka, ambayo haifai kuvuka nao. Katika Makunduchi wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, ambayo huumiza kidogo tu, huku wanawake wakiimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Pigano ambalo Steere alisikia kuwa liliweza kuua limekuwa pigano la kutoa moyoni. Huo ni ushahidi kwamba desturi haikukaa kama ilivyopokewa, bali ilirekebishwa na wenyewe.

Jina Mwaka Kogwa lastahili kutazamwa na mwanasarufi. Kitenzi ni koga, ambacho katika Kiswahili sanifu ni oga. Umbo lenye k husikika pia Mombasa. Kogwa ni kauli ya kutendwa. Jina halisemi kwamba watu wanaoga katika mwaka. Linasema kwamba mwaka ndio unaokogwa. Watu huuosha mwaka kama mama anavyomwosha mtoto aliyezaliwa usiku. Fikira hiyo haikutoka katika kitabu cha nyota cha taifa lolote. Ni fikira ya mtu aliyezoea kazi ya kuosha.

Watu wa Makunduchi wanaamini kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo imekosa bahati. Mithali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, hapo si maneno ya adabu tu, bali ni sheria ya siku. Na mgeni anayesubiriwa lazima atandikiwe.

Kazi za mikono

Siku ya Mwaka, katika karne hizi mbili za mwisho, imeangukia katika majira ya kusi, wakati wa kipupwe. Masika yamekwisha, ardhi imekauka, na mavuno mengi yameingia ndani. Ni wakati ambao mikono iliyokuwa shambani hupata nafasi ya kazi za kivulini, na za kwanza kati ya hizo ni ususi.

Ukindu, ambao ni majani machanga ya mkindu, hukatwa, hukaushwa, huchanwa na kutiwa rangi kwa kuchemshwa. Kisha husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu, na kili hushonwa pamoja mpaka zikawa mkeka. Utepe mwembamba zaidi huitwa shupatu, na mashupatu ndiyo yaliyotumika kuwambia vitanda pia. Majani magumu ya miaa hufanyiwa jamvi la kazi nzito. Makuti ya mnazi hufanyiwa pakacha, ambalo husukwa kwa muda mfupi na kutupwa baada ya safari moja. Kutokana na mkono ule ule hutoka msala wa kusalia, kawa la kufunikia chakula, na kipepeo cha kupepea moto. Kila kifaa kina jina lake, na mwenye kuyajua majina hayo yote hujua nyumba nzima ilivyokuwa.

Ususi una tabia ya hesabu ndani yake. Ua la mkeka haliji mpaka nyuzi za rangi zimehesabiwa kwa namna ile ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenye kukosea uzi mmoja hulazimika kufumua. Si ajabu basi kwamba watu waliohesabu ukindu mchana kutwa waliweza kuhesabu siku mwaka kutwa. Wanaume nao hawakuwa mbali na kazi kama hizi. Kofia nyeupe za kushonwa kwa mkono, kama vile bulibuli, zilihitaji uvumilivu ule ule, na wengi walizishona barazani huku wakizungumza.

Mtu ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri jinsi kazi za mikono na kazi za kalamu zilivyokaa pamoja ni Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mchongaji wa milango, mwandishi wa hati nzuri, mtunga mashairi na mwanamuziki. Alinakili tenzi nyingi, nyingine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Ua la mlangoni na ua la pambizo ya mswada hutoka katika jicho moja. Kumgawa Kijuma kati ya idara ya sanaa na idara ya fasihi ni kumpoteza.

Chuo na sauti

Katika Kiswahili cha zamani, na hasa cha kaskazi, chuo ni kitabu. Utenzi mkubwa ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, ambao leo hujulikana kama Utendi wa Tambuka, ulijulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Kutokana na kitabu, neno likahamia kwa mahali kinaposomwa kitabu; kutoka hapo likapatikana neno mwanachuoni, na hatimaye vyuo vikuu vya leo. Neno ambalo leo lina majengo na bajeti lilianza na kurasa zilizofungwa kwa uzi na kuwekwa sandukuni pamoja na nguo.

Kusoma nako hakukuwa kazi ya macho peke yake. Husemwa kusoma maulidi, kusoma utenzi, kusoma dua. Na katika semi hizo zote msomaji ana sauti na wapo wanaomsikiliza. Kwa hiyo chuo kimoja kilitosha nyumba nzima, hata mtaa. Mmoja alisoma, na wengine walisuka au kushona wakisikiliza. Mikono ilikuwa na kazi yake na masikio yalikuwa na yake, wala moja haikumzuia mwenzake. Ubeti wa utenzi, wenye vipande vinne vifupi na kina kimoja kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, unafaa sana hali hiyo: msikilizaji aliyepotea kwa kitambo kidogo, akiuhesabu uzi, hurudishwa na kina.

Hapo ndipo unapoeleweka vizuri Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, maneno ya dini, adabu na uendeshaji wa nyumba. Mara nyingi utenzi huu umejadiliwa kana kwamba ni hotuba ya mwanamke mmoja kuhusu utii. Lakini ni chuo kilichotungwa nyumbani, na mtu wa nyumbani, kwa ajili ya mtu wa nyumbani, kikanakiliwa na kusomwa humo kwa vizazi. Wingi wa nakala zake ni ushahidi kwamba usomaji wa pwani haukuwa wa msikiti na ikulu tu. J. W. T. Allen, aliyekusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na ambaye orodha yake ilichapwa Leiden mwaka 1970, alipata utajiri wake kwa kubisha hodi katika nyumba za watu.

Herufi za kupiga chapa hazikuiua desturi ya kusoma kwa sauti mara moja. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji wake, na nakala moja iliweza kusomewa watu wengi. Leso nazo zilianza kubeba maneno mwanzoni mwa karne ya 20. Mombasa lilivuma jina la mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilitiwa alama ya Mali ya Abdulla. Nguo ikawa ukurasa. Mwanamke ambaye hakupelekwa shule ya serikali aliweza kuchagua, kununua na kutuma sentensi moja kwa jirani bila ya kufungua kinywa.

Maneno yaliyohama

Yaliyotajwa hapo juu yanaungana katika maneno matatu, ambayo yote yametoka nyumbani na kuhamia mahali pengine. Chuo limekwisha elezwa. La pili ni takwimu, neno la Kiarabu ambalo katika Kiswahili cha zamani maana yake ilikuwa ni kalenda, yaani mpango wa siku. Leo takwimu ni hesabu za serikali na za uchunguzi. La tatu ni mwongo wenyewe, ambao sasa huandikwa mara nyingi muongo. Zamani ulikuwa siku 10; leo, katika magazeti na redio, ni miaka 10.

Uhamaji wa maana si dhambi. Lugha iliyo hai haikai mahali pamoja. Lakini una hatari kwa mchunguzi. Anayeusoma mswada wa zamani kwa Kiswahili cha leo, akakuta habari ya chombo kilichoondoka katika mwongo fulani, ataweza kuigeuza siku 10 kuwa miaka 10 bila ya kushtuka. Akikuta takwimu atatafuta jedwali la idadi ya watu. Akikuta chuo atatafuta jengo. Kosa la neno moja litamtoa katika safari ya wiki moja na kumtia katika historia ya miaka kumi isiyokuwapo.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Imeonekana kwamba hesabu ya miongo husimama kwa kusahihishwa katika kila kizazi. Kizazi kikikatika, inayobaki ni sikukuu, hesabu imekwenda. Sherehe ya Makunduchi inajulikana sasa na wageni kutoka nchi nyingi, na picha zake ni nyingi. Lakini picha ya mashina ya migomba haisemi mwongo gani ni wa kupanda mtama, wala siku zilizopungua ziliwekwaje sawa na majira. Wako pia wanazuoni ambao hawakuipenda sikukuu hii, wakaiona ni desturi isiyo na asili katika dini. Hoja yao ni ya dini, nayo itajibiwa na wenye dini. Hata hivyo kuandika hesabu ya siku si kuabudu siku, na anayeikataa sherehe bado aweza kuihifadhi elimu iliyokuwa ndani yake.

Yafaa basi uchunguzi wa Siku ya Mwaka utoke uwanjani uingie ndani. Wanaohitaji kuulizwa kwanza ni wale waliopanda, waliovua na waliosuka kwa kufuata miongo. Wakiulizwa, wasiulizwe habari za Shirazi, ambazo wamezisikia kwa wengine. Waulizwe ukindu hukatwa mwongo gani, mama zao waliupanga mwongo huo wapi, na wao wenyewe wameusogeza wapi. Tofauti kati ya majibu hayo mawili, ikiandikwa pamoja na umri wa msemaji na jina la kijiji, itakuwa kipimo cha historia ambacho hakipatikani katika nyaraka za serikali yoyote. Na katika kamusi, mbele ya mwongo wa miaka 10, siku zile 10 zirudishiwe mahali pake, kwa kuwa ndizo zilizotangulia.